Mbuzi wa Wachira

Kesses, 9 Februari 2025

Kwa Wachira,

Pole kwa kukuandikia karatasi kama mtu wa zamani. Huku shuleni ukipatikana na simu unafukuzwa, na barua za posta mwalimu wa zamu huzisoma kwanza. Hii nimempa Wepukhulu, dereva wa lori ya shule, kwa sababu anakuja huko Chepsaita kununua mahindi. Anasema anakujua, ati wewe humpunja mizani ya nyama. Mimi sijasema kitu.

Kuna jambo linanisumbua na nimekosa mtu wa kuambia. Buda siwezi. Mathe atalia. Ndio nikakumbuka wewe ni mutiri wangu. Nilipotahiriwa ni wewe ulikaa na mimi kwa kile chumba cha mabati mpaka nikapona, ukaniosha kidonda, na ukaniambia siku nikiwa na kitu cha mwili wangu ambacho siwezi kumwambia baba, nikuambie wewe.

Sasa hii sijui kama ni ya mwili. Tangu mwaka jana niko tu. Sisikii njaa. Chakula ni kama natafuna sabuni. Kengele ikilia asubuhi naisikia, lakini miguu inakataa, na Edwin, kapteni wa bweni, amezoea kunimwagia ndoo ya maji nikiwa bado kitandani. Maboyz wanacheka. Wameniita Maiti. Darasani nasoma ukurasa mmoja mpaka kipindi kinaisha. Nilikuwa nambari nne, uliza mathe. Mtihani uliopita sijui hata kama niliandika jina.

Mwezi jana alikuja daktari mmoja wa kike, Ruwayda, wa kliniki ya vijana huko mjini. Aliongea juu ya ugonjwa wa huzuni, ile wanaita depreshen. Kule nyuma watu walikuwa wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa anataja vitu vyangu kimoja kimoja, na hatujawahi kuonana. Alisema unatibika. Kuna kuongea na mtu kila wiki, na wengine wanapewa dawa. Lakini mtu ambaye hajafika miaka kumi na minane lazima aende na mzazi.

Mimi niko kumi na sita. Tafadhali ongea na buda. Wewe atakusikia.

Wako,
Kim


Chepsaita, 13 Februari 2025

Kim kijana yangu,

Mwambie Wepukhulu mizani yangu iko sawa, ni tumbo lake ndilo halina mwisho.

Barua yako nimeisoma hapa kwa butchery, kisu mkono wa pili. Kwanza nilicheka, kisha nikakasirika, na si wewe nilikukasirikia. Kijana, wewe si mgonjwa. Wewe unaonewa. Mtu analala kwa godoro la maji, atasikiaje utamu wa chakula? Hiyo ya daktari ni maneno ya watu wa mjini. Wanachukua shida ya mtu wanaipa jina la kizungu, halafu wanaitisha baba yake.

Nakuambia kitu kimoja na ukifanye. Dawa ya moto ni moto. Huyo Edwin akikuja na ndoo, inuka umpige. Usisukumane naye, usitukanane naye. Piga aanguke. Ukimaliza utashangaa chakula kilivyo na chumvi. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote pale soko la Turbo, na walinionea mpaka siku nilimng'oa mmoja meno. Tangu hiyo siku nalala kama gogo. Wewe ulikatwa na hukufumba macho, mimi nilikuwa hapo. Ndoo ya maji ni nini?

Baba yako sitamsumbua na haya. Mzee Kinyanjui hata mbuzi wangu hajanipa, na kila mtu anajua mutiri hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Siku nitaenda kwake nitaenda kudai mbuzi, si kumbebea habari za huzuni.

Nimempa Wepukhulu mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama, akuletee. Akikwambia ilipotea njiani, angalia mafuta kwa mdomo wake.

Mutiri wako,
Wachira


Kesses, 23 Februari 2025

Wachira,

Nilifanya vile ulisema.

Alikuja Ijumaa na ndoo. Niliinuka. Kufuli ya sanduku langu ilikuwa kwa mto, ile kubwa, nikaishika nikampiga nayo kwa mdomo. Akaanguka vile ulisema. Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilikaa juu yake nikaendelea, nikasikia mfupa ukivunjika, na bado mkono ulikuwa unaenda juu na chini kama si wangu. Walinitoa kwa kunivuta miguu. Maji ya ile ndoo yalikuwa yamemwagika sakafuni, yakawa mekundu mpaka mlangoni, na wale wadogo walikuwa wamesimama juu ya vitanda wakipiga mayowe.

Taya limevunjika. Meno matron aliyaokota na karatasi. Yuko hospitali na anakula kwa mrija. Nyumbani kwao wanamwita Kipngetich. Nilijua hivyo kwa sababu mama yake alikuwa analiita hilo jina akilia pale ofisini.

Sasa hakuna mtu ananiita Maiti. Wananipisha njia.

Ulisema nitasikia vizuri. Wachira, sikusikia kitu. Si raha, si hasira, si hata huruma. Ni kama nilikuwa napiga gunia. Hiyo ndiyo imeniogopesha. Kama siwezi kusikia hata hiyo, nimebaki na nini?

Buda ameitwa kesho.

Kim


Kiplombe, 26 Februari 2025

Wachira,

Simu yako najua iko kwa koti, na koti liko nyuma ya mlango, kwa hivyo nimeandika. Mke wangu Wamucii atakuletea akija huko kununua maharagwe.

Huyo mtoto ameniaibisha. Nilisimama mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wa yule kijana kama mwizi wa kuku. Mama yake aliniuliza nilizaa nini. Nilikuwa nimebeba mkanda wa mashini ya kusaga, ule mpana, nikamchapa hapo hapo, ili waone na mimi nimekasirika. Nilimchapa mpaka shati likashikana na mgongo. Wachira, hakulia. Hata mkono hakuinua kujikinga. Alinitazama tu kama mtu anangoja mvua iishe aende zake. Mimi ndiye nilichoka.

Amefukuzwa mpaka kamati ya shule ikae, na watu wa Kipngetich wanasema wataenda polisi. Naibu wa mwalimu mkuu alinipa karatasi, ati nimpeleke kliniki fulani mjini aangaliwe akili. Niliirarua mbele yake. Mtoto wangu si mwendawazimu. Mwaka wa 2008, ile vita ya uchaguzi, sisi tulitoka kwa shamba letu nyumba ikiwaka nyuma, mimi nimembeba ndugu yangu mdogo mgongoni, nikimwongelesha njia yote, na alikuwa ameshakufa. Hakuna mtu alinipeleka kwa daktari wa huzuni. Kesho yake niliamka nikatafuta kazi. Huyu amekula, amevaa, amelalia godoro. Huzuni ya nini?

Nimemfungia stoo. Jumamosi tarehe nane wazee wanakuja, Gichuru na wale wengine. Njoo na fimbo. Wewe ndiye mutiri wake. Kama uanaume haukuingia mara ya kwanza, sasa utaingia.

Kinyanjui


Kiplombe, 3 Machi 2025

Wachira,

Naandika nyuma ya karatasi ya mbegu. Mathe ndiye atakuletea, na nimemwambia anaweza kusoma akitaka.

Buda amesema unakuja Jumamosi na fimbo. Njoo tu. Sijakasirika. Nilitaka tu ujue mgongo umeoza kidogo upande wa kushoto, kwa hivyo kama inawezekana piga kulia.

Hii stoo ilikuwa na vitu vya shamba. Nilikuwa nimeanza kuvitazama sana. Jana mathe alifungua akavibeba vyote nje, kimoja kimoja. Alipomaliza alinishika uso na mikono miwili akaenda. Sijui alijuaje.

Sitaki kufa hasa. Nataka hii kitu iishe, na sioni mlango. Ule wa daktari wewe ulisema si mlango. Wako wa ngumi nimeupitia, na wa buda wa mkanda nimeupitia. Kama uko na mwingine uniambie.

Kim


Chepsaita, 4 Machi 2025

Kim,

Mama yako amekaa hapa kwa gunia la maharagwe akiningoja, kwa hivyo ni maneno machache.

Nimesoma. Nimefunga butchery mchana huu na nyama bado imening'inia. Kidonda chako cha kwanza nilikiosha kwa maji ya chumvi kila siku, na sikutaka nzi akikaribie. Hiki cha pili uliponionyesha, nikakwambia ukipige ngumi. Taya la yule mtoto ni mkono wangu pia.

Usifanye kitu. Nakuomba, mimi ambaye si mtu wa kuomba. Ikikuzidi, gonga ukuta. Nimeongea na mama yako, atakuwa analala upande ule wa ukuta, na baba yako apige kelele akitaka. Mlango uko. Nitakuonyesha, hata kama itabidi niubomoe.

Jumamosi nitakuja na fimbo kwa sababu nimeambiwa nije nayo. Ukiiona usiogope.

Wachira


Kiplombe, 11 Machi 2025

Wachira,

Usinipigie, namba yako nimeifungia. Na usije.

Nilikuita uninyooshee mtoto. Ukaingia kwa boma langu na fimbo ya mutamaiyu, ule mti mgumu, ukafungua stoo, ukamvua shati, ukatazama mgongo. Halafu ukageuka ukasimama mlangoni, ukatuelekezea sisi fimbo. Ukasema wa kwanza kukanyaga hapo ataokota meno yake. Gichuru alikanyaga, na mpaka leo hapumui vizuri, mbavu zimefungwa bandeji. Mimi ukaninyang'anya mkanda. Tukashikana, watu wazima, tukagaragara kwa unga mbele ya mke wangu. Ulinipiga goti la tumbo, na mimi nikakuuma sikio, na hiyo sijutii.

Lakini hiyo yako nimeiacha. Nasema yake. Nilipokuwa nimekukaba koo, huyo mtoto aliokota fimbo yako akanipiga nayo usoni. Mimi, baba yake. Jicho la kushoto linaona ukungu. Damu yangu ilimwagika kwa unga ambao mimi mwenyewe nilisaga. Kisha akaitupa, akakaa chini, akaanza kulia. Mtu aliyekula mkanda wangu bila chozi moja, alilia mpaka akatapika. Kinachoninyima usingizi ni huko kulia, si jicho.

Unajua kwetu mtoto akimwaga damu ya baba yake hakanyagi tena boma mpaka kuchinjwe na wazee waseme. Umemtorosha, uko naye huko Chepsaita. Kaa naye. Mimi sina mtoto.

Kinyanjui


Chepsaita, 14 Machi 2025

Mzee Kinyanjui,

Sikio linapona. Aliyelishona ni daktari wa ng'ombe, kwa hivyo ukisikia ninalia kama ndama usishangae.

Hii anakuletea Wepukhulu. Jana Alhamisi nilimpeleka Kim kliniki, kwa yule Daktari Ruwayda. Tulikaa kwa benchi. Akaniuliza kama mimi ni baba. Nikasema mimi ni mutiri wake, nilimuosha akiwa na kidonda. Hakucheka, lakini akasema bado anataka mzazi. Hata hivyo alimsikiliza, akamsafisha mgongo, akatupa namba ya kupiga saa yoyote. Halafu akaniita kando. Alisema kijana amekuwa mgonjwa tangu mwaka jana, na wavulana wengi huzuni yao hutoka kwa ngumi, ndio sababu watu huwachapa badala ya kuwatibu. Alisema hii inatibika. Lakini matibabu yenyewe, ya kila wiki na dawa, hawezi kuyaanza bila wewe. Nilimuuliza tukichelewa je. Akanitazama tu, na mimi nimechinja miaka mingi, hiyo macho naijua.

Kijana analala kwangu na mimi nalala mlangoni. Visu vyote nimepeleka kwa jirani. Nauza matumbo peke yake, na wateja wananiuliza kama nimeokoka.

Sasa sikiliza. Unataka kuchinjwe kwa sababu ya damu yako. Ni haki yako. Huyo mbuzi nitamtoa mimi na nitamchinja mimi, na wazee washibe, hata Gichuru na mbavu zake. Lakini kabla ya huyo kuna mwingine. Mimi sijapata mbuzi wangu tangu kijana apone. Kwetu baba hawezi kumweka kijana mbele ya wazee kama mutiri wake hajashukuriwa. Muulize Gichuru. Mpaka unishukuru, Kim bado yuko mikononi mwangu, kidonda ni changu, na wewe huwezi kumfukuza kwa boma.

Leo nadai. Sitaki mbuzi wa miguu minne. Nataka Alhamisi moja. Wewe, mimi na Kim, kwa ile benchi, asubuhi, na uweke sahihi. Huyo ndiye mbuzi wangu. Ukininyima nitasimama katikati ya soko la Kiplombe niseme Kinyanjui alikula jasho la mutiri.

Na kuna neno moja ambalo si la kudai. Ulisema mwaka ule hakuna mtu alikupeleka kwa daktari. Mimi nilikuwa kwa ile lori iliyowachukua. Nilikuona ukimwongelesha ndugu yako. Mzee, ulistahili kupelekwa.

Wachira


Kiplombe, 18 Machi 2025

Wachira,

Nimemuuliza Gichuru. Anasema una haki. Amesema kwa shida, kwa sababu ya mbavu.

Alhamisi. Nitakaa upande ule mwingine wa benchi. Usiniongeleshe.

Kinyanjui


Kiplombe, 8 Juni 2025

Kwa Wachira,

Simu nimerudishiwa, lakini nimezoea kukuandikia.

Shule ya Kesses ilikataa kunirudisha, kwa hivyo natoka nyumbani kila asubuhi kwenda ya kutwa hapa karibu. Watu wa Kipngetich walikubali kukaa na buda mbele ya chifu. Mimi nilimwandikia Edwin. Hajajibu. Daktari anasema nisingoje ajibu ndio nipone, na pia nisijidanganye kwamba nikipona meno yake yatarudi. Huyo mama haongei mchezo.

Dawa mwanzoni zilinikausha mdomo nikataka kuziacha. Sasa afadhali. Kuna siku miguu bado inakataa, lakini si zote. Jana nilikula githeri nikasikia chumvi. Nikaongeza. Mathe aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na hakuna kitu alikuwa anapika.

Ile mbuzi ya kosa langu ulichinja vizuri. Gichuru bado anaitaja.

Kuna jambo la ile Alhamisi ya kwanza sijawahi kukuambia. Ulikuwa umetoka kutafuta chai, kwa sababu buda hakutaka kuketi na wewe. Daktari alimtazama akamuuliza, "Mzee, hilo jicho limefanya nini?" Nikajua nimekwisha. Nilijua atasema nilimpiga, na niandikwe mtu hatari, nipelekwe kwingine. Buda akaangalia ukuta.

"Nilianguka," akasema. "Nilianguka kwa mashini."

Wachira, buda hajawahi kusema uongo, hata wa kilo ya unga. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema hapana, ni mimi, nilimpiga na fimbo. Daktari akamgeukia. Buda akavuta ile karatasi ya sahihi kwa nguvu, kama mtu anapokonya.

"Daktari," akasema, "usimsikilize kila kitu. Huyu mtoto wangu ni mgonjwa. Sisi tumekuja atibiwe."

Halafu akaandika jina lake. "Kinyanjui" yote haikutosha kwa ule mstari.

Siku hizi daktari humuuliza na yeye kama analala. Humwambia ni mimi mgonjwa. Lakini Alhamisi ni yeye huamka kwanza.

Ameitisha hii karatasi aongeze kitu chini. Sijui ni nini, amenifukuza mezani.

Kim


Wachira,

Alhamisi hii fundi wa mashini anakuja na siwezi kutoka. Nenda na Kim wewe. Usimwache peke yake kwa benchi, hata ukisikia kiu ya chai. Kaa upande wake wa kushoto, ndio anapenda. Asipoongea usimsukume.

Mkirudi mpitie hapa mle. Fimbo yako iko, Wamucii anafungia nayo nyumba ya kuku.

Kinyanjui